Upanga Usiotaka Utomvu

Angetile alimdharau mdogo wake Gwamaka, wala hakuficha. Sebule ya Gwamaka pale Mbugani ilijaa panga za vita alizoagiza mtandaoni, mmoja mpini wake kichwa cha joka, mwingine mrefu kama wa mfalme wa hadithi za watoto. Mgeni hapati chai mpaka azisifu zote.

"Hizi siyo mapambo, dada," alizoea kusema huku akipaka chuma mafuta. "Hizi zinakata kweli."

Shamba lake la kakao, kwa upande wake, lilikuwa limeota majani mpaka nyoka wamehamia.

Baba yao mdogo alipofariki kule Ipyana, wanaume walikuja msibani na mapanga yao ya shamba, wakaingia migombani kukata majani ya kupakulia chakula. Gwamaka akaja na ule upanga wa joka, umevikwa ala ya ngozi. Watu wakampisha penye mgomba wakangoja.

Akauchomoa, ukameremeta. Akautazama mgomba, kisha akaurudisha alani.

"Utomvu utautia madoa," akasema.

Hakuna aliyecheka, maana msiba ulikuwa bado mbichi. Angetile akachukua panga la jirani, limekula kutu mpaka kwenye mpini, akaangusha majani hadi kanga yake ikatapakaa utomvu. Ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Upeleke ndani, ukaulaze karibu na marehemu," akamwambia. "Ila mwenzake huyo alifanya kazi kabla ya kulala."