Mfalme Vumbi Alivyotoka Kwao

Penseli iliishia kiunoni.

Mama Wino alikuwa ameshapitisha wino kwenye kofia ya Mfalme Vumbi, kwenye mabega yake yaliyochongoka, kwenye mkono wa kulia ulioinuliwa juu ya mji. Akateremka taratibu na mkunjo wa joho mpaka nibu ya kalamu yake ikafika mahali ambapo hapakuwa na mstari wa kufuata. Kuanzia hapo karatasi ilikuwa nyeupe. Mchoraji wa ukurasa huo, ambaye ofisi nzima ilimwita Fundi, aliiweka penseli chini saa nane mchana, akasema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo, na hakurudi tena. Wiki ya tatu sasa tangu wamzike.

"Umefika wapi?" Mhariri aliuliza kutoka mlangoni.

"Kiunoni."

Mhariri akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, wa kula amesimama na kusikiliza akiwa anaondoka. "Basi uache hapo hapo, ukurasa huo hatutautumia." Akaweka mezani rundo la barua. "Wote hawa wanauliza swali moja. Miaka kumi na saba steringi wetu Kimulimuli anapigana na Mfalme Vumbi katika jarida letu la katuni, na hakuna anayejua jamaa katoka wapi. Nipe kurasa sita za asili yake. Alidhulumiwa, akaungua, akaapa kulipa kisasi, unajua mwenyewe mambo yanavyokwenda. Toleo linalofuata steringi anammaliza, tunafunga."

"Mimi sichori, Mhariri. Mimi napitisha wino tu."

"Miaka yote hiyo umempitia unywele kwa unywele. Nani mwingine anamjua?"

Ni kweli alimjua. Alijua kwamba joho lake lina mikunjo saba, kwamba hatabasamu ila kwa upande wa kushoto, kwamba popote anapokanyaga vumbi hupanda mpaka watu wakapoteana na nyumba zao, mji mzima ukasahau milango yake ilipo. Lakini alimjua kama dereva anavyoijua barabara. Kila shimo analijua, ila hajui nani aliyeichonga.

Siku mbili alijaribu. Alichora mtu anayeungua, akamfuta. Alichora mtu aliyefukuzwa mjini kwa mawe, akamfuta naye, kwa sababu kila aliyetokea alikuwa kama amevaa shati la kuazima. Siku ya tatu akafunga kidau cha wino, akaenda nyumbani kwa Fundi.

Fundi hakuwahi kuoa. Aliishi na mdogo wake wa kike, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa akishona pindo na vifungo nyumbani, maana kifua chake hakikumruhusu kwenda mbali. Mama Wino alipopiga hodi, sauti ikajibu kutoka ndani, "Karibu. Futa miguu hapo kwenye tambara. Ukimaliza, futa tena."

Chumba kilikuwa kitupu na kisafi kama sahani. Hapakuwa na zulia wala pazia. Nyufa za dirisha zilizibwa kwa vipande vya kitambaa, na sakafu ilikuwa bado na unyevu. Hata mwanga uliingia humo kwa adabu, ukakaa ukutani bila kugusa kitu.

"Pole sana kwa msiba, dada."

"Nimeshapoa, mdogo wangu." Alizungumza kwa vipande vifupi, akipumzika katikati kama mtu apandaye ngazi. "Wewe ndiye Mama Wino. Alikuwa akisema, mimi naweka mifupa, yule mama anaweka damu."

Fundi hakuwahi kumwambia Mama Wino hivyo. Alichomwambia kila siku ni kwamba nibu yake inakwaruza kama panya. Akaketi, akaeleza kilichomleta. "Mhariri anataka kujua Mfalme Vumbi alitoka wapi. Kaka yako aliwahi kukuambia?"

Dada mtu akacheka mpaka akakohoa, akasubiri kikohozi kipite, kisha akajigusa katikati ya kifua. "Alitoka hapa."

"Hapo?"

"Nilikuwa na miaka sita. Nikibanwa, nabanwa mpaka kucha zinakuwa za buluu. Baba na mama wako kazini, kaka ndiye anayebaki na mimi, naye ana kumi na mbili. Siku moja nikamuuliza, nani ananikalia? Maana ilikuwa hivyo, kama mtu mzima kanikalia kifuani. Angeweza kusema hakuna mtu. Lakini akachukua penseli, akamchora, akanionyesha. Akasema, ni huyu. Anaitwa Mfalme Vumbi. Haya, mtukane."

"Ukamtukana?"

"Matusi yote niliyoyajua. Yalipokwisha nikatunga mengine." Akatabasamu. "Huwezi kumtukana mtu bila kuvuta pumzi, mdogo wangu. Hapo ndipo hewa ilipoingia."

Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito, sauti ikaja, ikafifia. Mama Wino akaona afadhali aseme yote. "Wanataka kummaliza. Toleo linalofuata."

Dada mtu alikuwa na kifungo kiganjani. Akakizungusha polepole. "Jarida ni lao," alisema. "Lakini likifika, mimi namtafuta yeye kwanza, steringi simjali. Kaka akirudi kazini hakuwa akiniuliza kifua kinaendeleaje. Aliuliza, umeshamtukana leo? Tangu tumzike sijaweza."

"Kwa nini?"

"Itazame ile mikono."

Mama Wino hakuhitaji kuitazama. Ilimjia yenyewe, mikono ya adui katika maelfu ya visanduku vya katuni, mipana, yenye kidole cha mwisho kilichopinda kwa ndani. Mara ngapi amekipitia kidole kile kwa wino, huku Fundi, mwenye kidole hicho, ameketi meza ya pili, akichonga penseli?

Alirudi kazini kama mtu anayetembea usingizini. Akachukua karatasi mpya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakungoja mstari wa mtu.

Akachora kitanda, na juu yake msichana mdogo aliyebanwa na kifua. Akachora mvulana ameketi ubavuni, anahesabu pumzi zake kwa vidole. Zinapungua. Katika ukurasa wa tatu mvulana aliinama, akafungua kinywa, akaanza kulivuta lile vumbi kutoka kifuani mwa mdogo wake, likapanda kama uzi mrefu wa kijivu, likamwingia yeye. Akavuta na lililokuwa chini ya kitanda, na la juu ya kabati, na la kizingitini, mpaka chumba kikang'aa na msichana akalala. Kisha mvulana akapiga hatua moja, na sakafu ikatoa vumbi pale alipokanyaga. Basi akaelewa kwamba akibaki, mdogo wake atabanwa tena. Akatoka bila kuaga. Akaenda mji baada ya mji akitafuta mahali pakubwa pa kulitoa, lakini kila alipofungua kinywa kusalimia, mji ulipotea. Katika kisanduku cha mwisho, mtu mzima sasa, amesimama mbali na nyumba yenye dirisha moja, mashavu yamejaa, amebana pumzi, na kiputo cha maneno juu ya kichwa chake ni kitupu.

Mhariri alizisoma kurasa hizo amesimama. Alipofika ya tano akavuta kiti, akakaa.

"Huyu ndiye yule yule anayefukia miji?"

"Ndiye."

"Kwa makusudi?"

"Mwanzoni hapana. Baadaye alizoea."

Mhariri akakuna kidevu. "Sasa Kimulimuli atammalizaje mtu wa namna hii?"

"Sijui."

"Wasomaji watanichinja."

"Huenda."

Mhariri akazikusanya karatasi, akazipanga, akazipanga tena. Mlangoni akageuka. "Kiputo cha mwisho umesahau maneno."

"Sikusahau. Akisema, wa nyumba ile wataumia."

Mhariri akaondoka na kurasa hizo kwenda kiwanda cha uchapaji, na safari hii hakuwa na haraka.

Jarida lilipotoka, Mama Wino alipeleka nakala mwenyewe. Dada mtu alisoma dirishani, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikitembea ingawa maneno yalikuwa machache. Kwenye kisanduku cha mwisho alikaa muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, "Mpumbavu wewe. Nani alikutuma?" Kisha akaanza upya tangu mwanzo, na Mama Wino akaona si vema kuendelea kukaa pale.

Alitokea barabarani jua likiwa limeinama. Lori tupu likapita kwa kasi, na nyuma yake vumbi likainuka, la dhahabu, zito, likaifunika njia yote. Nyumba zikaondoka, na watu, na miti. Hakufunika pua. Alisimama pale alipokuwa, akingojea mji urudi, na ukaanza kurudi kidogo kidogo. Kwanza kapu kichwani mwa mtu asiyeonekana, kisha baiskeli, kisha mkono ulioinuliwa ambao hakujua kama unamsalimia yeye.