Karakana Isiyo na Maji

Mtafiti alikuwa amechoka hadi sauti. Tangu asubuhi alikuwa akiwapigia simu wahitimu wa vyuo vya ufundi, akiuliza yale yale na kujibiwa yale yale, huku feni ikimpulizia joto. Ofisi ilitaka kujua mafunzo yaboreshwe vipi. Ilishataka kujua hivyo mara nyingi, ikajibiwa, ikasahau.

Aliyefuata alikuwa mdogo wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemng'ang'aniza asome ufundi bomba, wakati kijana wa watu alitaka kuendesha malori. Kila akienda nyumbani, mama yao alimwambia kazi za bomba zinakwenda vizuri. Angeweza kumwachia mwenzake simu hiyo, ila hakuwa na nguvu hata ya kujieleza. Akapiga kwa simu ya ofisi, akajitia sauti ya kiofisi.

"Habari za mchana. Tunafanya utafiti kuhusu mafunzo ya ufundi. Je, unafanya kazi ya fani uliyosomea?"

"Hapana. Nalinda geti la ghala."

"Kwa nini?"

"Karakana yetu haikuwa na maji."

"Samahani?"

"Karakana ya bomba, haina maji. Tunakata, tunaunga, mwalimu anaangalia kwa macho, anasema safi. Bomba kavu halivuji, hata uliunge kwa mate. Nikapata kazi ya kwanza, nyumba ya watu. Nikafungulia maji." Alicheka, lakini si kwa furaha. "Godoro la mwenye nyumba lilielea. Nani angeniita tena?"

Mtafiti aliandika. Lilikuwa jibu la maana kuliko yote ya siku hiyo, na yeye alitamani kulia. Alikumbuka alivyomkatiza siku ile sebuleni: malori ni ya wahuni, soma bomba, watu hawataacha kuoga. Alijiona ana akili kweli.

Lilibaki swali la mwisho. Alilitunga mwenyewe, na kikaoni walimsifu kwalo.

"Je, ungemshauri ndugu yako asome fani hii?"

"Mimi sijashauri mtu. Mimi ndiye niliyeshauriwa, dada."

Akashika kiti. "Umenijua?"

"Tangu habari za mchana."

"Sasa mbona nyumbani hukusema? Kila nikija unanyamaza."

"Nyumbani hujawahi kuniuliza, dada. Huwa unaniambia tu."

Dodoso lote mbele yake, maswali chungu nzima aliyowauliza watoto wa wenzake, na hata moja hakuwahi kumpelekea wa kwao. Akaweka kalamu chini. Sauti ya kiofisi ilikuwa imemtoka yenyewe.

"Basi nakuuliza, mdogo wangu. Wewe unataka kufanya kazi gani?"

Upande wa pili honi ililia, ndefu na nzito.

"Subiri kidogo, dada. Lori hilo, nikalifungulie."

Akasubiri, simu sikioni, akisikiliza geti likiburuzwa na lori likipita.