Tumbo la Bwana Afya

Siku Bwana Afya Josephat alipobandika karatasi nyekundu kwenye mlango wa mgahawa wa Teodora pale Igoma, mwaka tisini na sita, alikuwa bado anatembea hatua fupi fupi, mkono mmoja tumboni. Wiki nzima alishinda chooni. Mhoja, mcheza ngoma ya nyoka aliyekuwa akifanyia mazoezi uwani kwa Teodora, naye aliugua vivyo hivyo, na wote wawili walikuwa wateja wa mgahawa huo. Kwa Bwana Afya kesi ilikuwa imekwisha: wenye makosa ni kuku wa Teodora.

"Mbona wapakia mizigo hawajaumwa?" Teodora akafoka. "Wale wanakula sahani mbili mbili!"

"Sheria ni sheria, mama," akajibu Bwana Afya, kisha akaondoka mbio kuliko cheo chake kilivyoruhusu.

Teodora aliumia moyo, tena sana. Miaka miwili nyuma jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa kiwandani, na kiinua mgongo chake chote kiligeuka masufuria, mabenchi na kuku. Mgahawa ukifa, hana pengine pa kushika. Kwa hiyo aliposikia kwamba mjini kuna maabara ya utafiti inayochunguza vidudu vinavyoambukiza wanyama na watu, alifunga safari, akarudi na Modesta, binti mtaalamu mwenye miwani na sanduku la barafu.

"Kila kidudu kina ukoo wake, mama," Modesta alimweleza. "Tunapima chembe zake za urithi, inatoka picha ya mistari. Mistari ikifanana, basi vidudu hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Wagonjwa walishatoa choo hospitalini. Sasa nataka cha wanyama."

"Mwanangu, chukua cha kila kinachokunya hapa uwani. Hata cha Kabula!"

Kabula alikuwa chatu wa Mhoja, mnene kama paja la mwanamume, na makazi yake yalikuwa pipa kuukuu kando ya ukuta. Kazi ya kuku ilimalizika upesi. Kabula alihitaji watu wanne, sala mbili, na Mhoja akimwimbia Kisukuma sikioni, ingawa nyoka hana sikio. Modesta alipopitisha kijiti chenye pamba mahali panapohusika, Kabula aligeuza kichwa akamtazama kwa namna ambayo Teodora, mama wa watoto watano, aliielewa kabisa.

Majibu yalichukua wiki tano. Siku yalipotoka, watu walijaa mbele ya mlango uliofungwa, Mhoja na Bwana Afya wakiwamo, na Modesta akatandaza picha yake juu ya benchi.

"Hawa kuku. Mistari yao haifanani na ya mgonjwa yeyote. Huyu Mhoja, na huyu Kabula. Hawa ni sawasawa."

"Nilijua tu!" Mhoja akachekelea, kama baba aliyeambiwa mtoto kafanana naye. "Mimi na huyu ni damu moja!"

"Na hii nyingine iliyofanana nao?" Teodora akauliza.

Modesta akakohoa. "Hiyo ni ya Bwana Afya."

Bwana Afya, ambaye kila Ijumaa alisimama sokoni na kipaza sauti kuwakemea watu waache ushirikina, akaanza kutazama viatu vyake.

"Labda ni maji," akasema.

"Maji gani?" Mhoja, ambaye siri kwake haikai, akashangaa. "Si ulikuja kwangu Jumapili ile ukambusu Kabula mdomoni, ili jina lako lisitokee kwenye orodha ya kupunguzwa? Nikakwambia mara moja inatosha, ukasema tufanye tatu!"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Bwana Afya aliumbuliwa na choo chake mwenyewe. Wapakia mizigo walicheka hadi wakakaa chini. Teodora naye alicheka, khanga ikamfunguka, akaifunga, akacheka tena. Kisha akaona Bwana Afya bado hajainua macho kutoka kwenye viatu vyake, na kicheko kikamkauka. Orodha zile alizijua. Alijua mtu anavyotafuta jina lake kwa kidole huku akiomba asilione. Akamhurumia yule mtu, hasira zake zote zisijulikane zimekwenda wapi.

"Wameshabandika?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Bado, mama. Wiki ijayo."

"Basi bandua hii ya kwangu, uingie ule. Usiisubiri orodha na njaa."

Bwana Afya aliikwangua karatasi nyekundu kwa kucha mpaka ikaisha. Teodora akachochea moto, akapika ugali na kuku, akamletea birika, beseni na kipande cha sabuni. Bwana Afya akanawa mikono, tena vizuri, mpaka kwenye viwiko. Alipotaka kumega tonge, Teodora akaivuta sahani, na safari hii hakunong'ona.

"Na mdomo, Bwana Afya."