Mfalme Aliyeguswa

Kwenye choo cha ukumbi wa mashindano nilimfunga shemeji yangu vifungo vya shati, kimoja kimoja, kama mtoto wa chekechea. Bingwa mkuu wa sataranji, mtu aliyewahi kuwatoa jasho vigogo wa dunia, na mkono wake wa kulia ulitetemeka hadi ukashindwa na kifungo.

"Waambie leo," nikamsihi. "Kanuni inaruhusu mtu wa kukusogezea kete. Wewe unataja tu."

"Niwaambie ili wanitoe kwenye timu? Shemeji, una akili kweli?"

Alisema kweli, maana viongozi wa chama nawajua. Bingwa wetu wa wanawake aliwaeleza kwamba macho yanamsumbua. Wakamshukuru sana, wakampa saa ya ukutani, na jina lake halikusomwa tena. Hao hao ndio waliombeba shemeji mabegani alipopata cheo cha ubingwa mkuu, wakapiga naye picha, wakala safari za ng'ambo kwa mgongo wake. Mwenyekiti wa chama hakujua hata farasi anavyoruka. Mpaka leo hajui.

Ilikuwa raundi ya mwisho. Akishinda, anabaki timu ya taifa. Akifungwa, nafasi ni ya mpinzani wake, kijana wa tai na viatu vya kung'aa tuliyempachika jina la Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, leo unafungua kikao?" shemeji akamtania, mkono ameukalia.

"Nimekuja kukustaafisha, mzee."

Wakacheka wote wawili, kisha saa ikabonyezwa.

Shemeji alimla polepole. Akawa mbele kwa askari wawili, nami nikaanza kupumua. Ngome yake ilikuwa imetishiwa. Kazi ilikuwa kuiondoa pale tu, hata mimi fundi wa kuchomelea niliona. Akautoa mkono chini ya paja. Ukaenda, ukayumba, vidole vikamkamata mfalme aliyesimama kando ya ngome.

"Gusa, cheza," Mkurugenzi akasema bila kuinua macho.

Mwamuzi akaja. Kete uliyoigusa kwa kusudi lazima uisogeze. Ikiwa ni ajali, unasamehewa.

"Mzee, ulikusudia, au mkono una shida?"

Mwenyekiti alikuwa nyuma ya kamba, glasi ya juisi mkononi, masikio yamesimama. Shemeji akanitazama. Nikamwambia kwa midomo: sema unaumwa! Angesema, ngome ingepona, na yeye angetupwa siku hiyo hiyo.

"Nilikusudia," akasema.

Akamsogeza mfalme. Ngome ikaliwa. Akaendelea kung'ang'ania, akingoja Mkurugenzi akosee. Hakukosea. Aliyemfundisha kumalizia mchezo ni shemeji mwenyewe.

"Huo ndio uungwana!" Mwenyekiti akapiga makofi, halafu akaenda kupiga picha na mshindi.

Nje nilifoka. "Kwa nini hukusema, mtu wewe?"

"Ningesema, ningekuwa mgonjwa. Sasa nimefungwa tu. Aliyefungwa huwa anaitwa tena."

"Na nani? Hawa?"

"Acha hasira, shemeji."

Siachi. Timu imeshasafiri na kurudi. Simu ikilia nyumbani dada yangu huacha sufuria jikoni, akakimbia kumshikia mumewe sikioni, naye hujikohoza kwanza, akaweka sauti sawa. Mara nyingi ni watu wanaouza bima.