Alama ya Chaki Chini ya Lori la Mjomba

Nilichora mstari wa chaki kwenye tairi, na mwingine kwenye shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma, nikiwa nimelala chali chini ya lori la mjomba huku miguu ya ukoo mzima imenizunguka. Viatu vya mama nilivijua. Vya kaka vilisimama mbali kidogo na vingine.

Mjomba ndiye aliyetulea. Alipotaka matairi makubwa, ili lori lisikwame tena kwenye matope ya machimbo ya kokoto, nilimwambia wazi: "Tairi kubwa humeza njia ndefu kila likizunguka, mjomba. Usipobadili gia za difu, zile za katikati ya magurudumu ya nyuma, mlimani injini itakosa pumzi."

"Haya, msomi wangu," akacheka. "Mimi kazi yangu usukani. Ukisema nenda, naenda."

Gia nilizichagua mwenyewe. Kwa zile za zamani, tairi likizunguka mara moja shafti huzunguka mara nne; kwa mpya, mara tano. Kaka, mwenye gereji, akasema atazifunga yeye, eti mikono yangu imezoea kalamu. Nilimwachia kazi; niliporudi jioni nilikuta difu limefungwa, limefutwa mafuta, linang'aa.

"Tayari, dada. Au huniamini?"

Nilimwamini. Nikamwambia mjomba: nenda.

Lori likapanda na kokoto zake, likaishiwa nguvu katikati ya mlima, likazimika. Breki hazikulishika. Lilirudi kinyumenyume hadi mtaroni, na mguu wa mjomba ukavunjika.

Wodini, kaka alikaa ukingoni mwa kitanda, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hesabu za diploma hizo, mjomba. Mimi nilifunga nilichoambiwa."

Mjomba akageuzia uso ukutani.

Ndiyo maana lori lilipovutwa hadi gereji niliwaita wote. Nikatia gia huru, nikainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Likiwa juu moja tu na mwenzake amekanyaga chini, hulizungusha mara mbili ndipo hesabu ya mzunguko mmoja itimie.

"Zungusha mara mbili, mama. Polepole."

Nikahesabu shafti kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Chaki ikarudi pale pale, ikatulia.

"Mbona umeishia nne?" mama akauliza.

"Gia ni zile zile, mama. Mpya hazimo."

Viatu vya kaka vilisogea nyuma. "Kuna mteja alizitaka haraka," akasema. "Nilidhani la mjomba litavumilia."

Siku hizi nina gereji yangu. Mjomba huja akichechemea, ananisalimu vizuri, tunataniana. Kisha hutoa kipande cha chaki mfukoni mwake, anainama kwa taabu chini ya lori, anahesabu mwenyewe kabla ya kushika usukani.

Mama husema nilimvua kaka nguo mbele za watu. Eti nimwombe radhi, yaishe. Amesema tena juzi, akinimiminia chai. Nikamshukuru kwa chai.

Kaka simwombi radhi.