Daktari Aliyeinuka Ukumbini

Damu ya Partinah, mke wa liwali, aliyejifungua muda si mrefu, ilikwishapenya godoro na kuanza kudondoka sakafuni, na daktari wake alikuwa bado ukumbini, amechuchumaa.

Ndiyo desturi ya nyumba ya liwali, hapa Java. Mbele ya Mama Mkubwa, mamake liwali, watu hutembea kwa kuchuchumaa, kichwa chini. Madaktari wanaume walikwishasamehewa. Daktari Sutopo aliingia wima, na viatu vyake. Lakini mwanamume hamgusi mzazi. Wa kumgusa alikuwa Wuryani, mwanamke wa kwanza wilayani kuhitimu udaktari, na wanawake hakuna aliyekumbuka kuwasamehe.

"Mama Mkubwa, niruhusu nisimame. Mzazi anavuja damu!"

"Daktari ni Sutopo. Wewe si binti wa yule mjakazi aliyekuwa akipaka nta vitambaa vyetu vya batiki? Hebu tambaa, mwanangu. Mama yako alitambaa vizuri mno."

Vijakazi wakacheka. Chumbani mkunga akapiga kelele, "Bibi! Bibi, usilale!"

Wuryani akainuka. Akapandisha nguo magotini, akapita mbio mbele ya kiti cha bikizee. Chumbani akakunja ngumi, akaukandamiza mji wa uzazi baina ya ngumi hiyo na mkono wa pili mpaka ukakaza, na damu ikakoma.

Ukumbini liwali alimshukuru Sutopo.

Kesho yake Wuryani alizuiwa langoni. Akazunguka nyuma, akamkuta Partinah amelala kando ya dirisha, mtoto titini.

"Dada, umeniponya."

"Unakula?"

"Nakula. Lakini Mama Mkubwa ameapa hutakanyaga tena humu. Na huyu ni wa kike, Dada. Mwakani watataka nizae tena, wapate wa kiume. Utapitia wapi?"

Wuryani akazishika nondo za dirisha.

"Si ungetambaa tu."

"Ungekufa, Partinah."

"Najua." Akamhamisha mtoto kwenye titi la pili. "Kwa hiyo nitakufa mwakani."

Miaka yote ile ya chuo, wanaume wakimzomea darasani, na mwisho wake ni dirisha la uani.

"Niitie mkunga."

Mkunga akaja, mdomo umejaa tambuu. "Loo! Daktari mzima kaja kuchungulia kama mwizi wa kuku?"

"Cheka, mama, lakini lete mkono. Kunja ngumi. Sio hivyo. Hivi."

Na kupitia nondo za dirisha akaushika mkono ule mkavu, akaanza kuufundisha.