Nguo za Lango

Buti zilikuwa bado na joto la miguu ya watu Mama Stoo alipozitupia guniani. "Haya, upesi, upesi, mvua hiyo," alisema, na wapagazi wakavua. Walikuwa wamejipanga kando ya njia nyuma ya kona, mahali ambapo mtu wa langoni hawezi kuwaona. Makoti mekundu yakatoka, glavu zikatoka, suruali nzito zikatoka, wakabaki wanaume wazima na fulana za pamba, kaptura, na raba zilizokenua vidole. Mmoja alikuwa na ndala. Wageni walikuwa wameshatangulia na kiongozi wao, wamejifunika gubigubi, na mlima wenyewe huko juu ulikuwa hauonekani kwa mawingu.

Hizo ndizo wapagazi walizoziita nguo za lango. Sheria ya mlima inasema mpagazi hapandi bila koti, buti na glavu, na pale langoni kuna mkaguzi wa kumtazama kila mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni. Sheria nzuri, nani atakataa? Basi kampuni yao ya kupandisha wageni ikanunua nguo za kutosha kundi moja tu. Kundi likishapita kona linavuliwa, magunia yanarudishwa kwa njia ya panya nyuma ya ofisi za lango, na kundi linalofuata linavalishwa zile zile, zingali na jasho la wenzao.

Kazi ya kuvua ilikuwa ya Mama Stoo. Na huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni kuvaa. Kila asubuhi alisimama mbele yao ukumbini, kiongozi akimtafsiria, akiinua nguo moja moja. "Ya kwanza inakaa mwilini, inyonye jasho. Ya pili ya sufu, itunze joto. Ya tatu izuie upepo na maji. Fulana za pamba ziacheni hapa hapa. Pamba ikilowa huko juu haikauki, inamnyonya mtu joto mpaka anaisha." Wageni waliitikia kwa vichwa, wakapapasa makoti yao. Wapagazi nao walisikia, wamesimama mlangoni na pamba zao.

"Na ya nne, dada?" Masihara aliuliza leo, kama alivyouliza kila siku, akajijibu mwenyewe. "Ya nne ni maombi."

Wenzake walicheka. Masihara lilikuwa jina la utani, alipewa utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia. Mama Stoo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado binti wa shule. Lakini leo utani ulimkatikia Masihara njiani. Alishikwa na kikohozi kikavu kilichomkunja mpaka akajishikiza kwenye mlango. Alirudi nacho safari iliyopita, na hakijampa hata wiki ya kupumzika.

Kabla hawajaondoka, Mama Stoo alimfuata Msimamizi wa kampuni uani. Alimkuta amekaa juu ya pikipiki yake, anakunywa chai.

"Bosi, nakuomba. Huyu mdogo wangu kifua kinambana. Mwachie koti moja tu, safari hii tu."

"Mama Stoo." Msimamizi alipuliza chai. "Nikimwachia yeye, kesho kila mpagazi atakuwa na dada."

"Basi mpumzishe."

"Kwani nimemfunga kamba? Akitaka kupumzika apumzike. Nafasi yake ina watu kumi hapo nje wanailia."

Alisema bila hasira, kwa sauti ya kirafiki kabisa, na hilo ndilo lililomchoma Mama Stoo. Bora angemtukana.

Sasa hapo konani Masihara alikuwa wa mwisho kwenye mstari, ndani ya koti lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko. Kiraka hicho alikishona Mama Stoo mwenyewe. Masihara alianza kushusha zipu.

"Liache," dada yake alisema.

"Utafukuzwa kazi."

"Nifukuzwe! Pandisha zipu."

"Na yule wa mwisho wa kundi linalokuja atapita na nini?"

"Sijui, na usiniulize! Pandisha zipu, we mtoto, usinitie wazimu."

Masihara alipandisha zipu. Alijitwika begi la mgeni kichwani, kubwa kuliko yeye, akaondoka na zile raba zake zikinywa maji. Mama Stoo alibeba magunia akarudi nayo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alijisikia mtu.

Kujisikia mtu hakukudumu. Nyuma ya ofisi kundi la pili lilivaa, na mpagazi mmoja wa makamo akabaki na mikono mitupu.

"Koti la kiraka liko wapi?" Msimamizi aliuliza.

"Limechanika."

"Lete nilione lilivyochanika."

Mama Stoo alianza kukunja gunia tupu. Yule mpagazi alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Stoo, mimi nina wanangu. Nikirudishwa langoni leo, hawaniiti tena." Hakumlaumu, alimweleza tu. Mama Stoo alishindwa kumtazama usoni. Pikipiki ilikuwa imeshawaka.

Msimamizi alirudi na koti mapajani, limelowa. "Hata mbali hakuwa amefika," alisema, akamtupia yule mpagazi. "Mdogo wako anakusalimia. Anasema usijali, ile ya nne bado anayo." Akacheka peke yake. Kisha akamgeukia Mama Stoo, na kicheko kikakatika. "Safari nyingine ukinifanyia upuuzi huu, mtavuliwa wote wawili."

Walimshusha Masihara keshokutwa yake, mchana.

Hawakumfikisha langoni. Walimsimamisha nyuma ya kona, na Msimamizi akaja stoo mwenyewe, kwa miguu, hana utani. "Njoo na koti moja. Na buti, na suruali," alisema. "Njoo tu, Mama Stoo, usiniulize hapa."

Masihara alikuwa kwenye machela, amefunikwa mfuko wa plastiki wa kukingia begi la mgeni mvua. Mama Stoo aliufunua. Ile fulana ya pamba ilikuwa imemgandia kifuani, na mikono yake alikuwa ameibana kwapani. Dada yake alipiga ukelele mmoja. Wapagazi wanne waliombeba walikuwa wametazama chini.

"Usiku mvua iligeuka barafu," mmoja wao alisema. "Tulimwambia fungua hilo begi, mna makoti mawili ya akiba humo, mgeni mwenyewe amelala. Akasema, wakilikuta limefunguliwa nitaitwa mwizi. Alilala amelikumbatia."

"Mvalishe," Msimamizi alisema. "Akipita langoni hivi, mlima utafungwa kwa kampuni nzima. Hawa wote watakosa kazi. Wewe pia. Na maziko nani atayagharimia? Mvalishe, mama, upesi."

Mama Stoo aliwatazama wale wanne. Alisubiri hata mmoja aseme usifanye. Mmoja alifuta pua kwa mkono.

Alimvalisha. Alianza na suruali, akaivuta pole pole kwenye magoti yasiyokunjika. Mikono ndiyo iliyomshinda; ilibidi wamsaidie wawili, na akasikia kiungo kikilia ndani ya koti, lile lile la kiraka. Buti zilikuwa kubwa, akazifunga kamba kwa nguvu. Alipandisha zipu mpaka kidevuni, akaweka sawa kola, kama alivyomwekea ya shule zamani.

Langoni mkaguzi alitoka na mwavuli. Alipapasa koti, akabonyeza buti kwa kidole.

"Huyu alivaa vizuri," alisema. "Ni bahati mbaya tu."

"Baridi haina adabu," Msimamizi alijibu.

Hapo Mama Stoo akalipuka. "Bahati mbaya gani? Mfungue! Mfungue hiyo zipu uone alivaa nini!" Alimshika mkaguzi mkono akaupeleka kwenye kile kiraka cha bluu. "Hiki unakijua. Nimekishona mimi. Jana kimepita mbele yako, juzi kimepita, leo asubuhi kimepita mgongoni kwa mtu mwingine. Mara ngapi umekigusa kwa mkono huu huu? Huyu nimemvalisha mimi, sasa hivi, hapo konani, ameshakufa! Niulize basi! Mbona huniulizi?"

Mkaguzi aliutoa mkono wake taratibu. Macho yake yalikaa kwenye kiraka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama ana uchungu," alisema hatimaye. "Mpeni maji ya kunywa." Akafungua lango.

Waliiweka machela nyuma ya ofisi, chini ya bati. Mama Stoo alikaa chini kwenye tope, mkono wake kifuani kwa mdogo wake. Mbele ya ofisi lilisikika gari likisimama, milango ikifunguliwa, na wageni wapya wakishangilia kuuona mlima. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda. Kiongozi wao alikuwa akiwasalimia kwa furaha.

Msimamizi aliinama karibu na sikio lake. "Mvue taratibu," alisema. "Wameshafika."

Pembeni ya bati karibu wapagazi wote wa kundi jipya walikuwa wamemaliza kuvaa. Mmoja wao, kijana mrefu aliyebaki na fulana ya pamba, alisimama peke yake mwisho wa mstari. Aligeuza uso ukutani asione. Lakini mikono yake alikuwa ameshaitanua kidogo, tayari kuvalishwa.